Lenzi ya kwanza na kadi ya kwanza

Mshauri,

Mimi ni binti wa miaka 23, naishi Ngamiani, Tanga. Kaka yangu aliyeko Muscat ameniletea kamera ya Canon EOS 700D, imetumika lakini ni nzima, pamoja na lenzi yake ya 18-55. Nimeanza kuitwa kupiga picha kwenye sherehe za akina mama, kwa kuwa huko wapiga picha wa kiume hawaingii. Mchana picha zangu zinapendeza. Usiku ukumbini zinatoka na chengachenga, au mtu akicheza anaonekana kama amefutika. Nimeweka akiba ya laki nne. Fundi mmoja ananishauri ninunue lenzi ya 75-300 kwa sababu eti ndiyo ya wataalamu, na kuna muuzaji ana kadi ya GB 512 kwa bei ya kutupa. Nataka kuvichukua vyote viwili kabla ya harusi za Mfungo Mosi. Je, nitakuwa nimefanya vizuri? Na lenzi niliyonayo niiuze?

Msomaji wako, Tanga

Mwanangu, nimpongeze kaka yako, maana 700D ilitoka mwaka 2013 lakini hadi leo ni kamera ya kumlisha mtu. Ila usinunue hata kimoja kati ya hivyo viwili ulivyotajiwa. Akiba yako inaweza kuondoa shida uliyoieleza, lakini ukiimalizia kwenye lenzi ndefu na kadi ya bei ya kutupa, utarudi ukumbini ukute giza ni lile lile, na safari hii hujui hata kama picha zako ziko salama.

Shida yako ni mwanga. Geuza lenzi yako utazame maandishi yaliyozunguka kioo cha mbele. Utaona 1:3.5-5.6. Namba hizo zinaeleza upana wa tundu ambalo mwanga hupitia, na zinakwenda kinyume: namba ikiwa ndogo, tundu ni pana. Lenzi yako ikiwa kwenye 18, tundu hufika 3.5. Ukiivuta hadi 55 ili kumsogeza bibi harusi, tundu lenyewe hupungua hadi 5.6, kamera inabaki inatafuta mwanga. Ina njia mbili za kujiokoa. Ya kwanza ni kupandisha ISO, na hapo ndipo chengachenga zinapozaliwa. Ya pili ni kuacha shata wazi kwa muda mrefu zaidi, na hapo ndipo shangazi anayecheza taarabu anapofutika. Kama lenzi yako ina herufi IS ubavuni, itatuliza mtikisiko wa mikono yako wewe. Kiuno cha anayecheza haikitulizi.

Sasa chukua lenzi ambayo tundu lake hufunguka hadi 1.8. Ukiilinganisha na 5.6, inapitisha mwanga karibu mara 10. Maana yake ni kwamba picha uliyokuwa ukiipiga kwa ISO 6400 ikajaa chenga, unaweza kuipiga kwa ISO 800 au pungufu kidogo, kwa kasi ile ile ya shata. Hiyo ndiyo tofauti ambayo mteja ataiona kwenye uso wa mwanawe bila kuelezwa kitu.

Itazame basi hiyo 75-300 uliyoambiwa ni ya wataalamu. Tundu lake linaanzia 4 na kuishia 5.6, kwa hiyo kwa giza ni ndugu wa lenzi uliyonayo. Toleo lake linalopatikana zaidi madukani, lile lenye alama ya III, halina kitulizo cha mtikisiko. Lenzi inapokuwa ndefu hukuza mtikisiko wa mkono pamoja na picha. Kwenye kamera kama yako, ukiifikisha 300 utahitaji shata ya kama 1/500 ili picha itulie mkononi, na ukumbi wa usiku haukupi kasi hiyo ng'o. Kisha kuna nafasi. Hata ukiiweka kwenye 75, ambayo ndiyo fupi yake, kumpata bibi harusi mzima kutoka shela hadi viatu itakubidi usimame karibu mita 7. Katika chumba anachopambwa utakuwa umeshatoka dirishani. Lenzi hiyo si takataka. Kwenye uwanja wa Mkwakwani saa 10 jioni, jua likiwaka, itakupa picha za mpira za kuridhisha. Lakini kazi yako iko ndani ya nyumba na kumbi. Siku ukiitwa kwenye mpira au jukwaa la mbali, tafuta 55-250 yenye maandishi IS STM. Ni nyepesi, ina kitulizo, na picha zake ni safi zaidi.

Lenzi ninayokutuma ukanunue ni Canon EF 50mm f/1.8 STM. Ilitoka mwaka 2015, ina uzito wa gramu 160 tu, haivutiki mbele wala nyuma, na kati ya lenzi mpya za Canon zenye tundu pana ni ya bei nafuu kuliko nyingi. Unaweza kukutana na ndugu yake mkubwa, ile ya zamani yenye alama ya II. Picha zake ni nzuri pia, ila injini yake ya fokasi ina kelele na haikaribii kitu chini ya sentimita 45. Hii ya STM inakaribia hadi sentimita 35. Kwa kazi yako hilo ni jambo kubwa. Kwa umbali huo picha inachukua upana wa kama sentimita 11, yaani kiganja chenye hina kinajaa picha nzima, na unaona mpaka ncha ya ua lililochorwa kwenye kidole cha pete. Akina mama wa kwetu wanalipia hina fedha nyingi na saa nyingi za kukaa bila kushika kitu. Mletee mtu picha ya hina yake ikiwa kali namna hiyo, kisha usubiri uone utaitwa wapi tena.

Usiitarajie ifanye kila kitu. Kamera yako ina kihisi kidogo kuliko filamu za zamani, kwa hiyo 50 kwako inabana kama lenzi ya 80 ilivyobana kwenye kamera za filamu. Kumpiga mtu mmoja wima, mzima, unahitaji mita 4 na nusu hivi. Kundi la watu 10 waliosimama safu ya mita 5 litakutaka urudi nyuma mita 11. Hapo ndipo 18-55 yako inapofanya kazi: ukiwa kwenye 18, kundi lile lile unalipata ukiwa mita 4 tu. Na hilo ndilo jibu la swali lako la mwisho. Usiiuze, ni lenzi ya makundi, ya vyumba vidogo na ya mchana, na ukiiuza hutapata cha maana.

Kabla ya kulipa, fanya uchunguzi mdogo nyumbani. Fungua kwenye kompyuta picha zako za usiku unazozipenda, na kwenye maelezo ya kila picha tazama ilipigwa lenzi ikiwa kwenye milimita ngapi. Zikiwa nyingi ziko kati ya 40 na 55, basi jicho lako tayari linaona kwa lenzi ya 50 na hutajuta. Zikiwa nyingi ziko karibu na 20, ipo EF-S 24mm f/2.8 STM, nyembamba, inayofaa vyumba. Nisikufiche kwamba faida yake ya mwanga ni ndogo: lenzi yako ikiwa kwenye 24 tayari inakupa karibu 4, na kutoka 4 kwenda 2.8 ni mara mbili tu. Kwa sababu hiyo mimi ningeanza na 50.

Ukiipata, kuna kosa ambalo karibu kila mgeni wa tundu pana hulifanya. Anafungua 1.8 na kuiacha hapo usiku kucha. Ukimpiga mtu kutoka mita moja na nusu kwa 1.8, eneo linalokuwa kali ni kama sentimita 6 tu mbele hadi nyuma. Jicho litakuwa kali, hereni imeyeyuka. Akisimama na mama yake amemtangulia hatua moja, mmoja wao atakuwa ukungu. Kwa mtu mmoja tumia 2 au 2.2, kwa wawili nenda 2.8 au 4 na uwaombe wasimame sambamba. Chagua nukta ya fokasi ya kati, ndiyo yenye nguvu kuliko zote 9 za kamera hiyo, uielekeze kwenye jicho. Usiiachie kamera ichague, itachagua shada la maua.

Ukinunua lenzi iliyotumika, nenda na tochi ya simu. Fungua vifuniko vyote viwili, mulika kutoka nyuma, chungulia kwa mbele huku ukiigeuzageuza. Vumbi kidogo halina neno. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, irudishe mezani hata kama bei imeshuka mara tatu, kwa kuwa inaendelea kula kioo na unyevu wa pwani unailisha. Kioo cha nyuma kikague zaidi ya cha mbele, mkwaruzo wa nyuma huonekana kwenye picha upesi zaidi. Kisha ifunge kwenye kamera yako mwenyewe, piga kitu cha karibu na cha mbali, usikilize kama fokasi inakwama.

Sasa kadi, na hapa naomba unisikilize zaidi kuliko kwenye lenzi, maana lenzi mbaya itakupa picha mbaya, lakini kadi mbaya itakunyima picha, na harusi ya mtu hairudiwi.

Kadi ya GB 512 kwa bei ya kutupa karibu kila mara ni kadi ndogo iliyodanganywa. Ndani ya kadi kuna kichipu kinachoiambia kamera ukubwa wa nafasi. Wahuni hukibadilisha kisome 512 wakati kumbukumbu yenyewe ni GB 16 au hata 8. Kamera inaamini. Unapiga, namba ya picha inapanda, kila kitu kinaonekana sawa. Nafasi halisi ikijaa, kadi inaanza kuandika juu ya picha za mwanzo au kutupa zinazokuja, bila kukuambia. Utakuja kugundua nyumbani, unafungua picha unakuta nusu ya chini ni kijivu, au faili lina jina na ndani hamna kitu. Hakuna fundi atakayezirudisha, kwa sababu zimefunikwa na nyingine au hazikuwahi kuandikwa.

Dawa yake ni kuijaribu kadi kabla ya kuitumia, iwe umeinunua kwa nani. Ipo programu ya bure kwa Windows iitwayo H2testw. Wenye Mac au Linux wanayo F3. Inaijaza kadi yote kwa data, kisha inaisoma upya kuona kama kilichoandikwa ndicho kilichopo, na mwisho inakuambia nafasi ya kweli ni kiasi gani. Inachukua muda, iache ifanye kazi ukilala. Kama huna kompyuta ya kuwekea programu, nakili filamu mpaka kadi ijae pomoni, ichomoe, irudishe, ucheze zile za kwanza na zile za mwisho. Zikicheza zote mpaka mwisho, kadi ina nafasi yake.

Ukubwa usikutishe. Picha moja ya JPEG ya ubora wa juu kwenye 700D ni kama MB 6 hadi 7, kwa hiyo kadi halali ya GB 32 inabeba zaidi ya picha 4,000. Ukipiga RAW, ambayo faili lake ni zito mara kadhaa, bado unapata zaidi ya 1,000. Sherehe moja haikumalizii hiyo. Kamera yako ina tundu moja tu la kadi, haiwezi kuandika nakala mahali pawili kwa wakati mmoja, basi nunua kadi mbili za GB 32, au za 64 ukiwa unarekodi video, usinunue moja kubwa. Kupambwa na hina ziwe kwenye kadi ya kwanza, ukumbi kwenye ya pili. Kadi moja ikikufia, hujapoteza shughuli nzima.

Kuhusu kasi, tafuta alama ya U yenye 1 au 3 ndani yake, au V30. U1 inaahidi kuandika angalau MB 10 kwa sekunde, U3 na V30 angalau MB 30. Kwa picha na video za kamera yako U1 inatosha, U3 ni raha zaidi unapopiga mfululizo. Zile namba kubwa zinazong'aa usoni mwa kadi, 100 au 170, mara nyingi ni kasi ya kusoma, si ya kuandika. Na kadi za gharama zenye safu mbili za meno kwa nyuma, za UHS-II, acha. Kamera yako haina miguso ya kuifikia safu ya pili, utalipia kasi usiyoweza kuitumia. Kadi ndogo za simu ndani ya adapta nazo ziepuke kwenye kazi ya watu, zile adapta hulegea.

Fomati kadi ndani ya kamera kabla ya kila shughuli, baada ya kuhakikisha picha za shughuli iliyopita ziko mahali pawili, kwenye kompyuta na kwenye diski ya nje. Usifungue mlango wa kadi taa nyekundu ikiwa inawaka. Na ukifuta picha kwa bahati mbaya, usipige nyingine hata moja kwenye kadi hiyo. Itoe, uipeleke kwenye kompyuta yenye PhotoRec, ni programu ya bure, na mara nyingi picha zinarudi.

Sentensi hiyo ya mwisho ina upande wa pili ambao wewe, kwa kazi yako, lazima uujue. Kama wewe unaweza kurudisha picha ulizofuta, na mwingine anaweza. Umeniambia unapiga sherehe ambazo wanaume hawaingii. Wale akina mama wamevua mabuibui yao mbele ya kamera yako kwa sababu ni wewe. Stara yao imo kwenye kile kidude cha ukubwa wa stempu. Fomati ya kawaida inafuta orodha tu, picha zenyewe hubaki chini mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Ukiwa kwenye ukurasa wa kufomati wa 700D, bonyeza kitufe chenye alama ya pipa la taka, tiki itaingia kwenye kisanduku cha fomati ya kina, ndipo ukubali. Inachelewa kidogo, ila inafuta kadi yote kweli. Fanya hivyo kila baada ya sherehe za aina hiyo.

Kadi hizo usimwazime mtu, hata ndugu. Usimpelekee kijana wa stationari kadi nzima achague picha za kusafisha, maana jambo la kwanza afanyalo ni kunakili folda yote kwenye kompyuta yake. Weka picha ulizochagua kwenye flashi, simama naye mpaka zitoke, uhakikishe amezifuta na pipa la kompyuta limemwagwa. Mama akikuomba picha fulani isihifadhiwe kabisa, ifute mbele yake na uifomati kadi kwa kina usiku huo huo baada ya kuhamisha nyingine. Kadi ya zamani isiyofanya kazi usiitupe jalalani ikiwa nzima, ivunje kwa koleo.

Neno dogo kwa wasomaji wa Nikon, maana najua nanyi mnasoma hapa. Kamera kama D3500 haina injini ya fokasi mwilini. Mkinunua 50mm f/1.8 ya zamani yenye alama AF-D, mtazungusha kwa mkono. Tafuteni yenye alama AF-S.

Kwa utunzaji, Tanga ni mji wa unyevu. Usiache lenzi kwenye begi la ngozi au kabati la nguo. Chukua kontena la plastiki la jikoni lenye mfuniko unaobana, weka ndani vile vifuko vya chembechembe za kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, uvibadilishe vikilowa. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi kwenda nje, acha begi limefungwa nusu saa ili kioo kisitoke jasho. Filta ya kulinda kioo si ya haraka. Kinga ya jua ya plastiki hulinda kioo vizuri na haichafui mwanga.

Basi mpangilio wa fedha uwe hivi. Kadi mbili halali kwanza, kutoka duka lenye risiti na linalokubali kurudishiwa bidhaa. Kinachobaki ndicho cha lenzi ya 50, mpya ikitosha, iliyotumika na kukaguliwa kwa tochi kama haitoshi. Na mwambie muuzaji wa kadi kabla hujalipa kwamba usiku huu unaijaza yote, na ikipungua kesho asubuhi utakuwa mlangoni kwake. Akianza kusitasita, nenda duka la pili.